MAISHA YA IBN KHALDUN NA ELIMU YA HALI ZA WATU

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wake, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya haya, kijitabu hiki tumekikusanya kwa ajili ya ndugu zetu wapendao kujua khabari za wakubwa waliopita. Tumemchagua mtu ambaye jina lake latajwa sana barazani, lakini aliyoyaandika hayajulikani ila na wachache.

Watu hugawanyika makundi mawili juu yake. Wa kwanza husema kuwa elimu ya jamii ya watu, ambayo Wazungu huiita sosiolojia, yote imetoka kwake, na Wazungu wameichukua kwa siri. Wa pili husema kuwa elimu hiyo ni ya Ulaya tu, wala sisi hatuna fungu ndani yake. Makundi yote mawili hayakufikia kweli. Basi kwanza tutaeleza maisha yake, kisha tutaiweka rai yake kando ya rai tatu kubwa za wataalamu waliokuja baadaye, ili msomaji apime mwenyewe.

KUZALIWA KWAKE NA NASABA YAKE

Jina lake ni Abdulrahman bin Muhammad, na kunia yake ni Abu Zaid, lakini watu wamemzoea kwa jina la babu yake wa kale, Khaldun. Alizaliwa katika mji wa Tunis siku ya kwanza ya Ramadhani mwaka 732 wa Hijra, yaani mwezi wa Mei 1332. Asili ya jamaa zake ni Hadhramaut, nchi ambayo damu yake imo katika nyumba nyingi za pwani yetu, nao wakijinasibisha na Wail bin Hujr, sahaba wa Mtume. Wazee wake walivuka bahari wakaingia Andalusi, wakakaa Ishbilia, wakawa watu wa cheo na elimu. Walipoona kuwa mji wakaribia kutwaliwa na mfalme wa Castilia, nao ukatwaliwa kweli mwaka 1248, wakahama, na mwisho wa safari yao ukawa Tunis.

Na hapa pana jambo la kuangaliwa. Alipoandika khabari za maisha yake mwenyewe aliwahesabu mababu zake mpaka kwa Khaldun aliyeingia Andalusi, akapata kumi. Akaona kuwa hao ni wachache mno kwa miaka iliyopita, kwani karne moja huchukua vizazi vitatu, na kwamba hapana budi wengine wameanguka katika hesabu. Mtu aliyeipenda nasaba yake hakuacha kuipima. Tabia hiyo ndiyo ufunguo wa kazi yake yote.

KUSOMA KWAKE NA MSIBA WA TAUNI

Alihifadhi Kurani, akasoma Hadithi, fikihi ya Imamu Malik, nahau na mashairi kwa baba yake na kwa wanachuoni wa Tunis. Mwaka 1347 Sultani Abul Hasan wa Bani Marin, aliyekuwa akitawala Moroko, aliuteka Tunis, akafuatana na wanachuoni wengi. Miongoni mwao alikuwa Sheikh al-Abili, na kwake huyu kijana alisoma mantiki, hesabu na falsafa.

Hata ulipofika mwaka 749 wa Hijra (1348 mpaka 1349), ikashuka tauni ile kubwa iliyoenea Asia, Afrika na Ulaya. Ikawachukua baba yake na mama yake na wengi wa waalimu wake, naye ni kijana wa miaka kumi na saba hivi. Miji ikapungua watu, njia zikafutika, na nguvu za dola zikalegea. Baadaye aliandika kuwa hali za ulimwengu zilipinduka kwa tauni hiyo hata ikawa kana kwamba viumbe vimeumbwa upya, na kwa hivyo yatakiwa mtu wa kuziandika hali hizo mpya. Msiba wa nyumbani kwake ulimfunza kuwa mambo ya watu hayakai mahali pamoja.

KAZI ZAKE KWA WAFALME

Alianza kazi katika diwani ya Tunis, akiandika alama ya Sultani juu ya barua. Mwaka 1354 akaenda Fes, akawa miongoni mwa waandishi wa Sultani Abu Inan. Mwaka 1357 akashukiwa kuwa ameingia katika shauri la kumsaidia amiri mmoja wa Bijaya, akatiwa gerezani, akakaa humo karibu miezi ishirini na moja, mpaka Sultani alipokufa mwaka 1358.

Mwaka 1362 alivuka kwenda Granada, ambao Waarabu huuita Gharnata, akapokewa kwa heshima na Sultani Muhammad wa Tano na waziri wake Ibn al-Khatib. Mwaka 1364 akatumwa kuwa balozi kwa Pedro, mfalme wa Castilia, aliyekuwa akikaa Ishbilia. Akauona mji wa wazee wake umo mikononi mwa wengine. Mfalme akataka akae kwake, na kwa ajili hiyo atamrudishia mali ya jamaa zake. Lakini yeye akakataa, akarudi na jawabu la ujumbe wake.

Mwaka 1365 akawa hajibu wa amiri wa Bijaya, cheo kilichokuwa cha pili kwa mtawala. Mwaka wa pili yake amiri huyo akauawa vitani na binamu yake, na Ibn Khaldun akamkabidhi mshindi mji. Kisha akaogopa, akatoka, akakaa Biskra. Kwa miaka iliyofuata alitembea baina ya makabila ya jangwani, mara akiwakusanyia watu sultani huyu, mara sultani yule. Mwaka 1374 rafiki yake Ibn al-Khatib akanyongwa gerezani Fes.

Msomaji asidhani kuwa twamsifu kwa yote. Alihama upande hata upande, na maadui zake hawakuacha kumlaumu. Lakini katika kuhama huko aliyaona mambo ambayo mwanachuoni wa msikitini hayaoni: jinsi kabila linavyopanda farasi kwa neno moja, jinsi askari wa mshahara wanavyokimbia, na jinsi mtu aliyekuwa akibusiwa mkono asubuhi asivyoitikiwa salamu jioni.

KATIKA NGOME YA IBN SALAMA

Mwaka 1375 alichoka na siasa. Akaomba hifadhi kwa kabila la Aulad Arif, wakamweka na watu wa nyumba yake katika ngome ya Ibn Salama, katika nchi iitwayo leo Algeria. Akakaa huko karibu miaka minne, mbali na wafalme. Katika mwaka 779 wa Hijra (1377), kwa muda wa miezi mitano, aliandika Mukadima, yaani utangulizi wa kitabu chake kikubwa cha tarekhe kiitwacho Kitabul Ibar.

Sababu ya kuuandika ni hii. Aliwaona wenye tarekhe wakipokea khabari bila ya kuzipima. Mathalan, walinakili kuwa jeshi la Bani Israili pamoja na Nabii Musa lilikuwa na watu 600,000 wenye kuchukua silaha. Yeye akauliza: watu wachache walioingia Misri wawezaje kuzaana kufikia idadi hiyo kwa vizazi vinne? Na jeshi kama hilo lapangwaje vitani hata mwisho wa safu ujue habari za mwanzo wake? Akasema kuwa haitoshi kujua ni nani aliyeisimulia khabari. Kwanza yapasa kujua kama jambo hilo laweza kuwa, kwa tabia ya mkusanyiko wa watu. Na elimu ya kujua tabia hiyo akaiita elimu ya umran, yaani kuamirika kwa nchi kwa watu kukaa pamoja.

Asili ya rai yake ni neno asabia, nalo ni kule kushikamana kwa watu hata kila mmoja amwonee uchungu mwenzake. Watu wa jangwani, kwa shida za maisha yao, hushikamana zaidi kuliko watu wa mjini. Kwa nguvu hiyo hushinda, wakatwaa mji na ufalme. Kisha huingia raha, na watoto wao hawajui taabu za baba zao; mfalme huwaepuka jamaa zake aliopigana nao, akajizungushia watu wa kukodi; matumizi huzidi, kodi hupanda, kazi za raia hulegea, na watu wengine wa jangwani huja wakaiondoa dola. Aghalabu dola haipiti vizazi vitatu, kila kizazi miaka 40, jumla 120.

RAI TATU ZA WALIOKUJA BAADAYE

Neno sosiolojia lilitiwa katika kitabu na Auguste Comte, Mfaransa, mwaka 1839. Mukadima ulipigwa chapa Bulak katika Misri mwaka 1857, na Paris mwaka 1858, na tafsiri kamili ya Kifaransa ilitoka katika miaka ya 1860. Kwa hivyo hatuna haki ya kusema kuwa Comte aliiba. Watu wawili wakichimba kisima mahali mbalimbali, wote huweza kufikia maji yale yale. Na katika elimu hiyo zimetokea njia nyingi za kutazama, nasi tutazitaja tatu zilizo kubwa.

Rai ya kwanza ni ya wale wasemao kuwa jamii ni kama mwili, kila kiungo chake kina kazi yake, na swali kubwa ni kujua kinachouunganisha. Mkubwa wao ni Émile Durkheim, Mfaransa, aliyezaliwa 1858 na kufa 1917. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1893 alisema kuwa watu wa zamani walishikamana kwa kufanana, na watu wa miji mikubwa hushikamana kwa kuhitajiana, kila mmoja na kazi yake. Mwaka 1897 akaonyesha kuwa hata mtu kujiua, jambo tudhanilo kuwa ni la moyo wa mtu peke yake, huzidi na kupungua kwa kadiri ya kufungamana kwake na wenziwe. Rai hii iko karibu na asabia. Tofauti yao ni kwamba Durkheim aliona mji wenye kazi nyingi waweza kuzaa mshikamano wa namna mpya, na Ibn Khaldun aliona kuwa mji huula mshikamano mpaka ukaisha.

Rai ya pili ni ya wale wasemao kuwa jamii haikusimama kwa mapatano bali kwa mgongano, na kila tulionalo kuwa ni utulivu, ndani yake yuko mwenye kushinda na mwenye kushindwa. Mkubwa wao ni Karl Marx, Mjerumani, aliyeishi baina ya 1818 na 1883. Yeye aliiona tarekhe yote kuwa ni vita vya matabaka, wenye mali kwa wenye kazi, na mwaka 1867 akatoa sehemu ya kwanza ya kitabu chake juu ya rasilimali. Hapa pia Ibn Khaldun ana neno. Alisema kuwa chumo la watu hutokana na kazi zao, na kwamba kumtumikisha raia bila ujira ni katika dhuluma kubwa ziharibuzo nchi. Alieleza kuwa mwanzo wa dola kodi huwa ndogo na mapato makubwa, na mwisho wake kodi huwa kubwa na mapato madogo. Na mfalme akiingia katika biashara huwaua wafanya biashara. Lakini mgongano wake ni wa jangwa na mji, na wa kabila na kabila, si wa tabaka na tabaka. Na Marx alitaraji siku ambayo mgongano utakwisha, ambapo Ibn Khaldun aliona gurudumu lizungukalo.

Rai ya tatu huacha kutazama jamii nzima kutoka juu, ikashuka chini ikawatazama watu wawili wakikutana. Max Weber, Mjerumani aliyekufa mwaka 1920, alifundisha kuwa tendo la mtu halifahamiki mpaka ijulikane maana aliyoikusudia mtendaji. Huko Chicago, George Herbert Mead, aliyekufa 1931, alisomesha kuwa mtu hujijua nafsi yake kwa kujitazama katika macho ya wenziwe, kwa njia ya lugha na ishara. Na mwanafunzi wake Herbert Blumer aliipa rai hiyo jina mwaka 1937. Kwa watu hawa, salamu, vazi na lakabu si mambo madogo, kwani katika hayo ndimo jamii inamofanyika kila siku.

Na katika jambo hili Ibn Khaldun hutustaajabisha zaidi. Alisema kuwa aliyeshindwa humwiga aliyemshinda katika mavazi, silaha na mwendo, kwa kudhani kuwa ukamilifu umo katika hayo; akatoa mfano wa watu wa Andalusi waliowaiga majirani zao Wakristo hata katika kuchora picha kutani. Msomaji aangalie mavazi ya miji yetu, kisha aseme kama neno hili limepitwa na wakati. Alisema pia kuwa mtoto akisomeshwa kwa ukali hujifunza uongo na hila, kwa kuogopa mkono wa mwalimu. Na juu ya nasaba, ambayo kwayo watu wa pwani wamezozana, wameozana na wamenyimana wake, yeye aliye Mhadhrami wa nyumba kubwa alisema kuwa ni jambo la kuwazika tu, na faida yake ni kule kuwaunga watu. Ikiwa haiungi, faida yake imeondoka.

Sasa pima. Mwenye rai ya kwanza akiingia mtaani huuliza: ni nini kinachowaweka watu hawa pamoja? Wa pili huuliza: ni nani anayefaidika, na ni nani anayeumia? Wa tatu huuliza: watu wenyewe wanafahamu nini kwa wanayoyatenda? Tuseme pana arusi kubwa mtaani. Wa kwanza ataona koo mbili zimeungana na majirani wamekula sahani moja. Wa pili ataona baba aliyeweka rehani shamba lake ili asionekane fukara mbele ya matajiri. Wa tatu ataona nani ameketishwa mbele na nani nyuma, na kila mtu alivyofahamu kuketi huko. Arusi ni moja, na wote watatu wamesema kweli; lakini mwenye kushika swali moja akayaacha mawili, amejifumba macho. Umoja usioulizwa ni nani aumiaye ndani yake huwa kifuniko cha dhuluma. Na mgongano usioulizwa watu hushikamana kwa nini, hauwezi kueleza kwa nini nyumba haijaanguka bado.

ALIPOKOSEA

Haifai kuficha kuwa huyu bwana mwenyewe aliikiuka kanuni yake. Juu ya watu weusi wa nchi za joto za kusini, aliandika maneno ya kuwadunisha, akiyafuata mafundisho ya kale yaliyogawanya dunia mikoa saba kwa joto na baridi. Ni kweli kuwa aliikataa hadithi ya kwamba weusi ni laana ya Nabii Nuhu kwa mwanawe Ham, akasema kuwa rangi ni athari ya joto la jua. Lakini alizitia aibu nchi asizoziona.

Na ajabu ni kwamba dawa ilikuwa karibu naye. Mwenziwe wa zama hizo, Ibn Battuta, alifika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, akaandika juu ya watu wa dini na mji mzuri. Ibn Khaldun amemtaja Ibn Battuta katika Mukadima, kwamba watu wa Fes walimsengenya kuwa ni mwongo, na kwamba waziri mmoja alimwonya yeye Ibn Khaldun asikanushe khabari ya nchi kwa sababu tu hakuiona. Waziri alimpigia mfano wa mtoto aliyelelewa gerezani, asiyewaona wanyama ila panya, hata akielezwa kondoo hudhani kuwa ni namna ya panya. Mfano huo aliuandika kwa mkono wake. Na alipoandika khabari za wafalme wa Mali, ambazo alizipata kwa kuwauliza watu waliozijua nchi hizo, aliwataja kwa majina yao na nasaba zao kama alivyowataja wafalme wengine. Alipouliza alipata kweli. Alipofuata rai bila kuuliza alianguka. Hivyo ndivyo ilivyo kwa kila rai, ya zamani na ya sasa.

MISRI, DAMESKI NA KUFA KWAKE

Alirudi Tunis, na baada ya husuda za wanachuoni akaomba ruhusa ya kuhiji, akapanda chombo, akafika Iskandaria mwaka 784 wa Hijra (1382). Akaenda Kairo akasomesha katika al-Azhar, na mwaka 1384 Sultani Barkuk akamfanya kadhi mkuu wa madhehebu ya Malik. Akakataa rushwa na uombezi wa wakubwa, wakamchukia. Mwaka ule ule mkewe na watoto wake walikuwa wakija kwa bahari kutoka Tunis. Chombo kikavunjika, wakazama. Akauzuliwa ukadhi, akahiji mwaka 1387, kisha akarudishwa na kuuzuliwa mara nyingi, hata jumla ya kuwekwa kwake ikawa mara sita.

Mwaka 803 wa Hijra (1401) alikuwa Dameski pamoja na jeshi la Misri, na Timur ameuzingira mji. Sultani kijana akarudi Kairo kwa kuogopa fitina, na wanachuoni wakabaki ndani. Ibn Khaldun akateremshwa ukutani kwa kamba akaenda kwa Timur, akakaa naye siku 35, wakizungumza juu ya dola na asabia, na akamwandikia khabari za nchi za Maghribi. Alikuwa akimtazama kwa macho yake yule mshindi aliyemweleza kitabuni. Lakini elimu yake haikuuokoa mji. Dameski ulitekwa, ukaporwa na ukateketea.

Alifariki Kairo tarehe 26 Ramadhani mwaka 808, yaani Machi 1406, naye ni kadhi, akazikwa katika makaburi ya Masufi nje ya Babul Nasr. Karne tano baadaye Taha Hussein, Mmisri aliyekuwa kipofu, aliandika tasnifu juu yake huko Paris katika miaka ya Vita Kuu ya Kwanza, na Durkheim mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliomsimamia mpaka mauti yalipomfika.

FAIDA YA KHABARI HII

Enyi ndugu, tusimtumie Ibn Khaldun kwa kujifakharisha tu, kama mtu ajisifuye kwa mali ya babu naye hana kitu mfukoni. Alikufa ametuachia kazi. Tukisikia khabari juu ya watu, tuipime kama yaweza kuwa. Tukiona umoja, tuulize umesimama juu ya mabega ya nani. Tukiona ugomvi, tuulize ni kamba gani iliyokatika. Na tukimhukumu mtu kwa vazi au kwa ukoo, tukumbuke kuwa mwenye nasaba kubwa alihesabu mababu zake, akakuta hesabu haikutimia, na akaiandika hivyo hivyo.

Mwenyezi Mungu amrehemu, amsamehe alipokosea, na atupe sisi macho ya kuona. Amin.